Dokta Mchomo na Mshahara wa Kindi

Hapo zamani za kale, na ninaposema kale nataka mnielewe wanangu, ni kale ile ambayo wanyama walikuwa na ofisi, na ofisi zilikuwa na vikao, na vikao vilikuwa na chai, Kindi alikuwa karani mdogo wa hesabu katika Ghala la Akiba la Bondeni.

Ghala lenyewe lilikuwa hivi. Wakati wa mavuno kila mnyama alileta karanga zake zitunzwe, na kiangazi kilipokaza alikuja kuzichukua kidogo kidogo. Meneja alikuwa Kiboko, mwenye mwili wa kujaza mlango na sauti ya kujaza nyumba nzima. Chini yake alikuwa Nyumbu, Mkuu wa Hesabu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubaliana na Kiboko kabla Kiboko hajamaliza kusema. Chini ya Nyumbu alikuwa Kindi. Chini ya Kindi ilikuwa sakafu.

Kindi ndiye aliyepima, aliyeandika, aliyejumlisha na aliyehakiki. Kra-kra-kra, kalamu yake, tangu asubuhi hadi jua linapolala. Mshahara wake ulikuwa vibaba viwili vya karanga kwa mwezi. Kibaba kimoja alikula. Cha pili alimlipa Bi Hondohondo, mwenye mkuyu, kodi ya tundu alimokaa.

Basi siku moja Bi Hondohondo akaja, akatua tawini pwaa, akafuta mdomo wake mrefu, akamweleza kwamba matundu yamepanda bei. Mvua ya kwanza ikidondoka, kodi itakuwa vibaba viwili. Asiyeweza, kuna popo kumi na mmoja kwenye foleni, na wote wana adabu.

"Sikufukuzi, mwanangu," akasema. "Nakueleza tu soko lilivyo."

Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Viwili toa viwili. Asipopata nyongeza kabla ya mvua, Kindi ama alale nje, ama asile. Akatazama juu. Mawingu yalikuwa bado mbali, madogo kama vipande vya pamba, lakini yalikuwapo.

Akafanya kama wafanyavyo wote waliosoma. Akachukua karatasi, akaorodhesha kazi zake za mwaka: malipo ya Ngiri ya kuezeka paa yaliyokuwa yatoke mara mbili, akayazuia; na mahesabu ya mwisho wa mwezi yaliyokuwa yakichukua siku kumi, sasa siku mbili. Chini yake akaomba pishi moja kwa mwezi, yaani vibaba vinne. Akasugua meno, akachana mkia, akaenda.

Nyumbu alisema ombi ni zuri sana na yeye analiunga mkono, ila alipeleke juu. Juu, Kiboko alisema alilete kwa maandishi. Kindi akamwonyesha kwamba lilikuwa kwa maandishi. Kiboko akasema alilete kwa nakala tatu. Alipoleta nakala tatu akaambiwa litajadiliwa. Likajadiliwa wiki mbili, kwa chai.

Siku aliyoitwa, Kiboko alikuwa ameketi amefumba macho kwa upole.

"Kindi, binti yangu, sisi hapa ni familia."

Wanangu, mkubwa wa kazi akianza na familia, shikeni pochi zenu.

"Bajeti haijakaa sawa," Kiboko akaendelea, "lakini kazi yako tumeiona. Kuanzia leo wewe si Karani Mdogo tena. Wewe ni Karani Mdogo Mwandamizi."

Nyumbu akapiga makofi ya kwato, ko-ko-ko. Kindi akaletewa cheti kwenye jani la mgomba, kimeandikwa vizuri, kwa sababu alikuwa amekiandika mwenyewe asubuhi ile bila kuambiwa ni cha nani.

"Na mshahara, mzee?" Kindi akauliza.

"Cheo kwanza. Mshahara hufuata."

"Hufuata lini?"

"Ukifika utauona," akasema Kiboko, na akamwomba afunge mlango akitoka.

Kindi alifika kwake, akajaribu kula kile cheti. Kilikuwa kichungu.

Sasa, siku zile zile ghala lilikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe ni hili. Mwanachama akileta karanga, zilipimwa kwa kibaba cha mfuto: unajaza, unapitisha kijiti juu, shwaa, kinakuwa sawasawa. Lakini akija kuchukua, Kiboko aliamuru apimiwe kibaba cha tele, kilichofura juu kama kichuguu. Alipenda waondoke wakimsifu kwamba meneja ana mkono mkunjufu. Basi ghala lilipokea mfuto na kutoa tele, na kila kibaba kilichotoka kilibeba kichuguu kimoja cha ziada, na mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa unakaribia.

Kindi alikuwa ameliandika jambo hili mara tatu. Waraka wa kwanza uliwekwa chini ya birika ili meza isiungue. Wa pili Nyumbu alijipepea nao. Wa tatu Nyumbu aliusoma kweli, akakubaliana nao, kisha akakutana na Kiboko mlangoni, akakubaliana na Kiboko.

Kikao kilichofuata, Kiboko alipumua fuuu hadi karatasi zikaruka.

"Upungufu huu umetuzidi kimo," akasema. "Tunahitaji mtaalamu kutoka nje."

"Mzee, mimi niliandika kwamba vipimo viwili—"

"Binti yangu, wewe ni wa humu humu. Ungekuwa unajua, ungekuwa umeshakwenda kwingine." Na akamwagiza aandike tangazo la kumtafuta huyo mtaalamu.

Kindi akaandika. Alipofika kwenye mstari unaosema mwombaji atoke mbali, kalamu ikasimama. Masikio yakasimama. Mkia nao ukasimama taratibu, wenyewe, kama moshi.

Jioni hiyo alipita kwa Nungunungu kuomba miiba iliyoanguka sakafuni. Nungunungu alifurahi kupunguziwa kufagia. Kindi akaishona kwenye gunia kuukuu mpaka likawa koti la kutisha, akakata pete mbili za mwanzi zikawa miwani, akaukunja mkia wake na kuufungia ndani ya koti. Wiki moja baadaye, wakati Karani Kindi ameomba ruhusa ya kwenda kununua wino, mlangoni mwa ghala alisimama mgeni mdogo mwenye miiba kila upande.

Akajitambulisha kuwa Dokta Mchomo, kutoka ng'ambo ya milima saba.

Mtauliza kwa nini Kiboko hakumtambua. Kwa miaka mitano Kiboko hakuwahi kumtazama Kindi usoni. Siku zote alitazama karatasi alizoshika.

Alichotazama ni kimo. "Mtaalamu mdogo hivi?" akamnong'oneza Nyumbu, na Nyumbu akasema ni mdogo kweli. Kisha Dokta akaanza kuzungumza juu ya mkabala jumuishi wa ujazo na mtiririko hasi wa kokwa, na Kiboko akasema kumbe ni mkubwa, na Nyumbu akasema ni mkubwa mno.

Wakafika kwenye malipo. Kindi, kwa kuwa ana moyo, akataja pishi tano kwa kazi nzima. Uso wa Kiboko ukaporomoka.

"Tano tu?" Akamtazama upya, kwa mashaka. "Wewe ni mtaalamu kweli?"

"Tano ni za usafiri," akasema Dokta upesi. "Kazi yenyewe pishi ishirini. Usafiri nimewasamehe."

"Ahaa," akasema Kiboko, na uso ukarudi mahali pake.

Pishi ishirini, wanangu. Mshahara wa Kindi wa miaka mitatu na miezi minne, pamoja na cheti. Mkataba ukaandikwa: malipo siku taarifa itakaposomwa na wanachama kuikubali. Kiboko akaukanyaga kwa wino, ti, unyayo mzima.

Kisha Dokta akafanya kosa. Alisema, kwa kutaka kuonekana makini, kwamba atahitaji kumhoji mfanyakazi mmoja.

"Tutakupa Kindi," akasema Kiboko. "Anapenda sana kusema. Kaeni nyuma ya mkeka ule, nasi tutakuwa hapa nje."

Ikawa hivyo. Dokta akaingia nyuma ya mkeka, akavua koti, akaponyoka dirishani. Kindi alirudi "kutoka kununua wino", akapita mbele ya wakubwa, akaingia nyuma ya mkeka ambako ilisemekana Dokta anamsubiri. Na hapo, jasho likimtoka, akaanza kujihoji.

"Wewe ndiye karani?" kwa sauti nzito.

"Ndimi, Dokta," kwa sauti nyembamba.

"Simama wima unaposema nami."

"Nimesimama, Dokta. Ndicho kimo changu."

Nje, Kiboko alimgonga Nyumbu ubavu. "Anamkaanga," akanong'ona kwa furaha.

Ndani, sauti nyembamba ikaeleza kwamba karanga zinapungua kwa sababu zinaingia kwa mfuto na kutoka kwa tele. Nje, Kiboko akatikisa kichwa na kusema ni yale yale, huyu binti hana jipya, na Nyumbu akasema hana.

Ndani, sauti nyembamba ikamaliza. Kisha sauti nzito ikakohoa, ehem.

"Nimegundua," ikasema, "kwamba karanga zinaingia kwa mfuto na kutoka kwa tele."

Kiboko akaketi chini, puu, hata mkeka ukatikisika.

"Umesikia hilo?" akamwuliza Nyumbu, macho yamelowa. "Umesikia? Huo ndio utaalamu."

Nyuma ya mkeka, Kindi alijiuma mkono wote hadi kiwiko asicheke. Halafu hakutaka tena kucheka. Miaka mitano alikuwa akisema na ukuta, na leo ukuta umelia machozi kwa sababu amebadili sauti.

Siku ya mkutano mkuu wanachama walijaa uwanjani: pundamilia, ngiri, twiga wakiwa nyuma ili wasizibe wengine, na mbele kabisa Bi Kobe, aliyeondoka kwake siku tatu kabla ili asikose nafasi. Mawingu hayakuwa tena vipande vya pamba. Yalikuwa meusi, yamekaa juu ya ghala kama yanasubiri kuhudumiwa.

Dokta Mchomo alipanda juu ya pishi iliyogeuzwa, akasoma. La kwanza: kipimo kiwe kimoja, mfuto kuingia na mfuto kutoka. Wanachama wakaguna. Dokta akawaeleza kwamba hicho kichuguu walichokuwa wakikifurahia kilikuwa karanga za jirani zao, na atakayekuja mwisho kiangazi atakuta vumbi. Bi Kobe, ambaye siku zote hufika mwisho, akapaza sauti kwamba jambo hili liungwe mkono sasa hivi. Likaungwa.

"La pili," akasema Dokta, na sauti nzito ikatetemeka kidogo. "Anayeshika kijiti cha kufutia alipwe pishi moja kwa mwezi. Mmempa chakula cha bonde zima akilinde, naye analala na njaa. Mna bahati kwamba ni mwaminifu. Msiitegemee bahati."

Wakakubali kwa vifijo. Kiboko, aliyekuwa akipongezwa kushoto na kulia kwa kumleta mtaalamu wa namna hii, alikanyaga taarifa kwa wino, ti. Ilikuwa imekwisha. Kindi alianza kushuka taratibu.

Lakini Kiboko alikuwa amelewa sifa, na aliyelewa sifa huwa mkarimu.

"Dokta, ngoja," akanguruma. "Karani wetu aje hapa mbele akupe mkono. Kindi! Kindi yuko wapi?"

Uwanja mzima ukaita Kindi.

Dokta akasema karani ana haya, atamfuata mwenyewe ndani. Akaingia ghalani. Vuru-vuru, chaka-chaka. Akatoka Kindi, anahema.

"Haya, na Dokta?" akauliza Kiboko.

Kindi akasema Dokta anakunywa maji, ngoja amwite. Akaingia. Chaka-chaka, vuru-vuru, kitu kikaanguka kling. Akatoka Dokta, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Na karani?"

Anafunga daftari, akasema Dokta, atamharakisha. Akaingia tena. Twiga mmoja aliinama kuchungulia dirishani, akainuka, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Tokeni wote wawili," Kiboko akaamuru.

Ndani pakawa na kishindo kama cha paka watatu ndani ya debe. Kisha mlango ukafunguka. Alisimama Dokta Mchomo, miwani puani, koti la miiba limevaliwa mbele nyuma, na nyuma yake, umesimama wima, umechanwa vizuri, mkia mwekundu wa manyoya.

Shingo zote uwanjani zikanyooka, hata ya Bi Kobe.

"Mkia ule naujua," akasema Bi Kobe. "Umenipungia kila nilipokuja kuchukua karanga, mwaka wa tano huu."

Kiboko alianza kuvimba. Alivimba shingo, akavimba mashavu, akavimba mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba panaweza kuvimba.

"Umenidanganya," akasema, polepole. "Mbele ya watu. Umefukuzwa kazi."

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Kindi puani. Akavua miwani, kwa sababu hakuona faida ya kuendelea nayo.

"Nani amefukuzwa, mzee? Karani au Dokta?"

"Wote wawili."

"Dokta hafukuziki. Amekwishamaliza kazi. Unyayo wako uko kwenye mkataba, na wanachama wamekubali taarifa. Anadai pishi ishirini, na anazitaka leo."

Kiboko akafungua kinywa. Kindi hakumngoja.

"Kama kuna neno la uongo kwenye ile taarifa, nionyesheni, nitaondoka bila hata kokwa. Karani yeye hadai ishirini. Anadai pishi moja kwa mwezi mliyompitishia hapa hapa. Karani akibaki, Dokta anasamehe deni lake lote na anarudi kwao milimani. Karani akiondoka, Dokta anataka chake."

Kiboko akamtazama Nyumbu. Nyumbu akamtazama Kiboko ili ajue akubaliane na nini. Matone yakaanza kuongezeka, to, to, to. Wanachama walisogea karibu, hakuna aliyekimbia kujikinga.

"Ishirini kwa mkupuo," Kiboko akanung'unika, akikunja vidole ambavyo havikumtosha. "Au moja, na moja, na moja, mpaka mwaka uishe... lakini toa vile viwili viwili tunavyompa sasa... na pishi ina vibaba..." Jasho na mvua vikachanganyika usoni. Akageuka kushoto, akanyosha mkono kama anayeomba karatasi. "Kindi, hebu nipigie hapa. Ipi nafuu?"

"Nyongeza ni vibaba viwili kwa mwezi, mzee. Kwa mwaka ni pishi sita. Ishirini toa sita, mwaka huu zinabaki kumi na nne ghalani."

"Umehakiki?"

"Mara mbili."

"Basi tunachukua hiyo," akasema Kiboko. Na hapo ndipo alipoyasikia masikio yake mwenyewe yakimweleza alichofanya.

Wanangu, kicheko kilichotoka pale kiliwaangusha twiga, na twiga akianguka huchukua muda. Bi Kobe alicheka ndani ya gamba lake mpaka likawa linalia kama ngoma. Nyumbu alicheka pia, halafu akasema hata yeye ndivyo alivyokuwa amepiga, sita, ila hakutaka kuwahi.

Kiboko alisimama peke yake kwenye mvua. Akatazama ule mkia, akatazama miiba, na kwa mara ya kwanza akamtazama Kindi usoni.

"Kumbe una macho ya kahawia," akasema.

"Tangu nianze kazi, mzee."

Jioni hiyo Kindi alichukua pishi yake ya kwanza, kwa mfuto, akipitisha kijiti mwenyewe, akamlipa Bi Hondohondo vibaba viwili na kulala kwenye tundu kavu na vibaba viwili vingine chini ya kichwa. Popo wakatawanyika kwenda kutafuta mkuyu mwingine. Na Kiboko? Yuko pale pale. Wageni wakimtembelea huwaambia kwamba mpango mzima wa kijiti ni wake, na kwamba yeye na Dokta Mchomo ni marafiki wa siku nyingi.

Mimi nimefika mwisho wangu, nyinyi nendeni mkalale na funzo hili: kabla hujamlipa mgeni akueleze mambo ya nyumbani kwako, msikilize anayeyafanya kila siku, kisha mlipe yeye.